Kabla Hujaliacha Gari Dogo

Jonas mwanangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ni bora ulijue hilo kabla hujafika mbali. Wewe umekwenda Ujiji kuwaaga wenzako. Baba yako amelala kwenye kochi, redio iko tumboni kwake inaongea peke yake. Mimi nimekaa kwenye meza ya chakula na daftari lako la zamani la biolojia, kwa sababu ndilo pekee lililobaki na kurasa safi katika nyumba hii.

Kesho unaondoka kwenda Tabora kuanza kazi hospitalini. Habari za kula, kufua na kulala mapema sikuandikii. Una miaka ishirini na sita, na kama umekaa na mpishi wa shughuli miaka yote hiyo bila kujua kupika wali, barua haitakusaidia.

Nakuandikia kuhusu gari.

Juzi nilipeleka kirikuu changu, kipikapu cha kubebea sufuria, kwa fundi Shabani anikazie breki. Akaniuliza, "Mama Jonas, kwa hiyo kile kigari cha kijana mmeshakipatia mteja?" Nikamwuliza kigari kipi. Akajua amekosea, akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi. Ndivyo nilivyopata habari za mwanangu, gerejini, nikiwa nimesimama kwenye oili. Kwamba umeshaongea na dalali wa huko Tabora. Kwamba umemtumia picha za gari dogo, nje na ndani, na siku ukifika atalichukua, wewe utaongezea kwa mkopo wa mshahara ambao hujaupokea hata mara moja, naye akupe gari kubwa la viti saba.

Viti saba, Jonas. Huna mke, huna mtoto, huna hata kuku.

Jioni nilikuuliza. Ulinijibu macho yako yakiwa kwenye simu. "Mama, mambo ya magari niachie mimi."

Nikakuuliza hili dogo lina kasoro gani.

"Halina kasoro. Ila siwezi kuanza kazi nalo. Watu watanionaje?"

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nadhani uliona umenishinda. Niliondoka kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, sebuleni humuhumu, na wewe ulikuwa umekaa sakafuni unachora ramani ya shule. Ulikuwa darasa la tano. Unayoyakumbuka kuhusu mwaka ule ni machache, na mengine tulikuficha makusudi. Sasa nakueleza, maana nimekasirika vya kutosha.

Unajua nilianza kazi hii na sufuria mbili na mwiko wa kuazima. Gari langu la kwanza nilinunua kwa nesi mmoja aliyekuwa anahama. Lilikuwa jeupe, la milango mitatu, fupi kiasi kwamba ukiwa umekaa nyuma ungeweza kugusa kioo cha mbele kwa mwiko. Kiti cha nyuma nilikitoa, nikaingiza sufuria. Hapa Mwanga walikiita kikopo. "Mama Jonas anapita na kikopo chake." Mwajuma, ambaye wewe unamwita mama mdogo ingawa hatuna udugu wowote zaidi ya jiko, alikuwa anakaa mbele amepakata beseni la vitunguu, miguu ameikunja kama yuko kwenye mkeka.

Kikopo kile hakikuwahi kunilaza njiani. Kilikunywa mafuta kidogo mpaka mtu wa sheli alikuwa ananitania kwamba nakinywesha kwa kijiko. Siku za harusi kilibeba pilau. Na kila Jumatatu, siku ambayo hakuna mtu anayeoa, nilikuwa nakipandisha milima mpaka Kalinzi kwa babu yako.

Babu yako alikuwa ananisubiri barabarani, amevaa koti lake hata kama jua linachoma. "Mwakeye," ananiamkia, na ni saa saba mchana. Alikuwa ananisalimia salamu ya asubuhi ili nijue nimechelewa. Tunakaa, tunakula ndizi, ananionyesha mibuni yake mmoja mmoja kana kwamba sijazaliwa pale. Na mara moja kwa mwezi nilikuwa namshusha mjini, kliniki ya macho.

Alikuwa na presha ya macho. Daktari alinieleza vizuri, nami nilielewa vizuri, kwa hiyo sina pa kujificha. Alisema ugonjwa huu hauumi, na hauponi. Ila akiweka matone kila siku, macho yatabaki yalivyo. Matone yakikatika, kinachopotea hakirudi, hata tukimpeleka wapi. Matone yale yalikuwa yanapatikana mjini tu. Kichupa kimoja kilikuwa cha mwezi mmoja. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo kikopo kile kilifanya, na mimi wakati huo nilidhani kazi yake ni pilau.

Halafu ikaja harusi ya kule mtaa wa Rusimbi.

Ilikuwa harusi ya watu wenye uwezo, maturubai meupe, viti vimefungwa utepe. Tulifika na Mwajuma tukapaki kando ya lango ili kushusha chakula. Shangazi wa bibi harusi akaja. Mwanamke mzuri, mwenye sauti ya upole. Angenitukana ningemjibu, lakini hakunitukana. Alisema, "Dada, samahani, hilo gari lipeleke kule nyuma. Huku mbele watu wanapiga picha."

Nikalipeleka nyuma, kwenye jenereta na mbuzi waliokuwa bado hawajachinjwa. Tukabeba sufuria za moto kutoka kule mpaka kwenye meza, tunapita pembeni ya ukuta kama wezi. Mwajuma alicheka njia nzima. Aliona ni kichekesho tu. Mimi sikucheka. Chakula kilisifiwa siku ile, watu waliomba namba yangu, na sikumbuki sura ya hata mmoja wao. Namkumbuka yule shangazi tu.

Niliporudi nyumbani ndipo niliposema. "Siwezi tena kwenda kwenye shughuli za watu na kile kikopo. Watu wananionaje?"

Baba yako aliuliza swali moja. "Gari kubwa litafanya kazi gani ambayo hili limeshindwa?"

Nikamwambia yeye hajui biashara. Hakuuliza tena. Mpaka leo namlaumu kwa kutouliza tena, na najua kabisa kwamba ni uonevu, lakini nimeshindwa kuacha. Mtu akiona mke wake anakwenda kuangukia shimoni, aseme mara moja tu halafu arudi kwenye redio?

Kikopo kilikwenda kwa dalali, nikaongeza akiba yangu yote, nikarudi na gari jeusi. Lile unalikumbuka, najua. Refu, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unasikia sauti nzito. Jumapili ya kwanza tulikwenda nalo kanisani, wewe ukiwa mbele umevaa miwani ya baba yako.

Sitakudanganya kwamba sikufurahi. Nilifurahi sana. Watu waliokuwa wananiita "mama wa pilau" wakaanza kuniita Madam. Kamati za harusi zikanipa kiti. Kwa wiki tano au sita nilikuwa nikiamka naenda kwanza dirishani kuliangalia, halafu ndipo naenda chooni. Kwa hiyo ukiniambia unataka kuonekana, nakuelewa. Nisingekuelewa nisingekasirika hivi.

Ila tulipoanza kazi nalo, ikaonekana sufuria haziingii. Yaani zingeingia kama ningetoa viti, lakini nani angetoa viti vya ngozi akaweka mchuzi wa mawese? Nikawa nakodi guta la kubeba sufuria. Guta linatangulia na chakula, mimi na Mwajuma tunafuata nyuma kwenye gari kubwa lenye viti vitupu. Mwajuma akaniuliza siku moja, "Dada, hivi sisi tunamsindikiza nani?" Nikamwambia afunge mdomo.

Na mafuta. Mshale ulikuwa unashuka huku nauangalia. Mtu wa sheli hakunitania tena, alikuwa ananiita kwa mkono kutoka mbali. Nikaanza kupunguza safari, kama kila mtu anavyofanya. Na hapa nataka usome polepole, Jonas, kwa sababu ndicho kitu nilichokaa chini kukuandikia.

Sikupunguza harusi. Sikupunguza kanisa. Niliyoipunguza kwanza ni Kalinzi.

Kwenye harusi nilionekana. Kanisani nilionekana. Kalinzi angeniona nani? Babu yako tu na mibuni. Jumatatu kila wiki ikawa Jumatatu moja na kuacha moja. Halafu ikawa mara moja kwa mwezi. Halafu nikawa napiga simu.

"Baba, matone yapo?"

"Yapo."

"Yanatosha?"

"Yanatosha. Shughulika na kazi."

Alikuwa anaweka tone siku moja anaruka siku mbili ili kichupa kifike mbali. Baadaye kichupa kikaisha, akaendelea kuniambia yapo. Nami sikuuliza zaidi, kwa sababu jibu lile lilinifaa. Magari ya abiria ya Manyovu yalikuwa yanapita Kalinzi kila siku, ningeweza kupanda nikamfikia kabla ya mchana. Sikupanda. Mwanamke mwenye gari kama lile akaonekane amebanwa dirishani na tenga la kuku? Ndivyo nilivyofikiri. Nakuandikia hivi na uso wangu unawaka moto.

Mvua zilipochachamaa, giabox ikafa. Spea ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja, haikuwa yenyewe. Ikaagizwa nyingine. Gari likapandishwa juu ya matofali pale uani, matairi yakatolewa yasioze. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma, juu ya ile ngozi. Wewe ulikuwa unaokota mayai unafurahi.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni namenya vitunguu saumu. Nikaona mtu mlangoni kwa uani, anapapasa ukuta. Alikuwa babu yako. Alikuwa amepanda gari la abiria peke yake, akashuka sokoni Mwanga, akauliza njia ya nyumba ambayo alikuwa ameijia mara mia. Aliingia, akatembea hatua chache, akajigonga kwenye lile gari.

Akasimama. Akaweka mkono juu ya boneti, akaupitisha taratibu mpaka kwenye kioo.

"Ndilo hili?" akaniuliza.

"Ndilo, baba."

"Ni refu," akasema.

Basi. Nilimkodia bajaji tukaenda kliniki. Daktari akamulika jicho la kushoto, akakaa nalo muda mrefu, kisha la kulia, kisha akarudi tena la kushoto. Akaniambia la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na kanjia kadogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hako tutakalinda kwa matone bila kukosa hata siku moja.

Halafu akauliza, "Dawa alikosa tangu lini?"

Nilifungua mdomo. Babu yako akaniwahi. "Nilisahau mwenyewe. Uzee."

Aliongopa mbele yangu ili nisiaibike, na mimi nikamwacha aongope. Daktari akaandika hivyo kwenye kadi. Mpaka leo kadi ile inasema mgonjwa alisahau dawa.

Jumapili iliyopita, uliporudi kutoka kumuaga, uliniuliza kwa nini babu anageuza kichwa pembeni akitaka kukuona usoni. Nikakujibu ni uzee. Nimemwibia hata uongo wake. Si uzee, Jonas. Ni mimi, na gari lile.

Usinielewe vibaya. Sikuambii ukinunua gari kubwa mtu atapofuka. Nakuonyesha jinsi ilivyokuja. Haikuja na kelele. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kumwacha baba yangu. Niliamua tu kutokwenda wiki hii.

Lile jeusi hatimaye liliuzwa kwa mtu aliyelitaka kwa ajili ya spea. Alilivuta kwa kamba mchana kweupe, majirani wote wamesimama. Nilikaa miaka mingi bila gari, napanda magari ya Manyovu na tenga la kuku kama watu wengine, na wala hayakuniua. Nilipopata tena uwezo nilinunua hili dogo la rangi ya fedha ambalo leo umelichoka, nikaapa kwamba sitanunua gari kubwa mpaka naingia kaburini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Hili huwa silisimulii kabisa, kwa sababu linaniharibia lile la kwanza. Mtu akishasimulia habari ya gari jeusi, watu wanatikisa kichwa, wanasema umejifunza. Sikujifunza. Niliogopa tu. Nilikuja kuona baadaye kwamba mtu anaweza kuogopa vizuri sana, kwa utaratibu, na watu wakamsifu kwamba ana akili.

Kazi ilikua. Ukiwa chuoni mwaka wa kwanza tulikuwa tunapika harusi mbili kwa Jumamosi moja. Hili gari dogo lilikuwa linakwenda safari tatu ukumbini, chakula cha kwanza kinapoa tunapofuata cha mwisho. Tulipanga sufuria mpaka kwenye dari. Shokapu za nyuma zilikufa mara mbili. Fundi Shabani akaniambia, "Mama, hili gari unalionea." Mwajuma akaniambia, na aliniambia zaidi ya mara moja, "Dada, kazi imelizidi gari. Tafuta kirikuu."

Nilimjibu vibaya. "Na wewe umetumwa na madalali?"

Uwezo wa kununua nilikuwa nao. Naomba uelewe hilo. Haikuwa shida ya fedha. Kila nikiwaza gari kubwa zaidi namwona babu yako ameweka mkono kwenye boneti, nafunga mjadala.

Siku moja tulikuwa na karamu ya wafanyabiashara wa dagaa kule Kibirizi. Sufuria ya mwisho, ya mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwani, haikupata nafasi nyuma. Mwajuma akaipakata. Ilikuwa imetoka jikoni muda uleule, mfuniko umefungwa kwa kitambaa. Nilimwona anavyoipakata, akaweka khanga mbili mapajani ili asiungue, nikawasha gari. Niliona kwa macho yangu, Jonas, haya mazima yote mawili.

Tukiwa tunateremka, mchukuzi mmoja akakatiza na toroli la magunia. Nikashika breki.

Mchuzi wote ulimwagika juu ya mapaja yake. Ulikuwa na mawese, na mafuta yale yakishika ngozi hayaachii. Wewe tulikuambia mama mdogo kapata ajali ya jikoni. Haikuwa jikoni. Alilala wiki sita, na kovu lake ndilo linalomfanya avae madira marefu hata wakati wa joto. Wewe uliwahi kumtania kwamba amekuwa bibi kizee. Alicheka na wewe. Usimtanie tena.

Nilipokwenda kumwona siku ya pili, hakunipokea kwa upole kama babu yako. Nashukuru kwamba hakunipokea kwa upole. Aligeukia ukutani, akasema, "Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Basi nenda nyumbani, dada. Leo sitaki kukuona."

Nikaenda. Mwezi uleule nikanunua kirikuu. Kilitakiwa kuwepo pale uani miaka miwili nyuma. Sufuria zote zinaingia, kinapanda, kinashuka, hakuna anayepakata kitu. Siku ya kwanza kukitumia nilikuwa na hasira hivihivi kama leo, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Mwajuma alirudi kazini alipopona. Mwezi wa kwanza hakuongea nami zaidi ya chumvi na kuni. Baadaye ikapita, au anajitahidi ionekane imepita.

Hapo ndipo nilipokupa wewe hili dogo, ukiwa unajitolea maabara. Umelitunza, sikatai. Nikilisikia linaingia getini najua ni wewe kabla hujapiga honi.

Sasa unataka nikwambie lini mtu abadilishe gari. Najua hujaniuliza. Umeniambia nikuachie. Ila ningekuwa na jibu fupi ningekupa, nisingemaliza kurasa za daftari lako. Nimebadilisha mara moja mapema mno, na mara moja nimechelewa mno, na mara zote mbili aliyeumia hakuwa mimi. Hicho ndicho kinachonikera kuliko vyote. Ningeumia mimi ningekuwa na haki ya kujisamehe.

Nikiangalia nyuma naona kitu kimoja tu ambacho ningeweza kukiona hata wakati ule, kama ningekuwa na nia. Kikopo hakikuwahi kunikatalia safari hata moja. Mimi ndiye niliyekikataa. Hili la rangi ya fedha lilikuwa linanikatalia kila Jumamosi, wazi kabisa, na mimi nilijifanya kiziwi. Hivyo basi, hili ulilonalo limekukatalia safari gani? Nyumba utakayokaa Tabora umeniambia iko karibu na hospitali, unaweza kwenda kwa miguu. Kama kuna kazi huko ambayo mimi siijui, kama wanakutuma vijijini na barabara ni mbovu, niambie, nitakuwa wa kwanza kukuambia libadilishe. Sikatai gari kubwa. Nakataa lile jibu lako, kwa sababu ni langu, na najua lilinipeleka wapi.

Na jingine. Mafuta yakipungua, utapunguza safari. Kila mtu anapunguza. Ipi utaipunguza kwanza? Usinijibu mimi. Nimeshajijibu mwenyewe tangu juzi pale gerejini, ndiyo maana sijalala vizuri. Kutoka Tabora mpaka hapa ni mbali, na ukifika hapa wanaokuona ni mimi na baba yako na kuku. Nikiwa mkweli, nusu ya hasira yangu ni hiyo. Nusu nyingine ni kwamba umeniambia "mambo ya magari niachie mimi" kana kwamba nimezaliwa jana.

Baba yako ameamka, ameniuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia Jonas habari za gari. Akasema, "Mwambie asome mara mbili." Yule aliyeuliza mara moja tu halafu akarudi kwenye redio, leo anataka usome mara mbili.

Namalizia na jambo ambalo nilikuwa sitaki kukuambia.

Kadi ya gari ina jina langu bado. Tulisema tutaibadilisha, hatukubadilisha. Kwa hiyo dalali wako, apende asipende, hawezi kulichukua bila mkataba wa mauziano wenye sahihi yangu. Nilipolikumbuka hilo juzi nilifurahi vibaya. Nilijiona nimekupata. Nikapanga nikae kimya, uende mpaka Tabora, uaibike mbele ya mtu wako, urudi kunipigia simu kwa unyenyekevu. Leo asubuhi nimekwenda kwa mwandishi wa mikataba pale sokoni, nikitaka tu kuuliza kama ni kweli wewe huwezi kufanya kitu bila mimi. Akasema ni kweli. Nikasimama pale na ushindi wangu, na sikuupenda. Nilijiona mimi mwenyewe, mwanamke aliyetaka mwanawe aaibike ili yeye awe sahihi.

Nikamwambia aandike mkataba. Nakala ya kwanza niliichana kabla hajaipiga muhuri, akanidai ya pili, nikalipa.

Mkataba umo ndani ya bahasha hii pamoja na kadi. Bado nimekasirika, na nikikuona kesho nitakuwa nimekasirika, kwa hiyo usitegemee nitakupungia mkono kwa furaha. Lakini mahali pa muuzaji nimeandika jina langu na kuweka sahihi. Mahali pa mnunuzi nimepaacha wazi. Unaweza kuandika jina la dalali. Unaweza kuandika lako.

Mama